Ukuta wa Matundu

Parokia yetu ya Makorora ilijengwa miaka michache baada ya uhuru. Wamisionari walileta msanifu wao, akachora kanisa lisilofanana na lolote mjini: paa la zege lililokunjwakunjwa kama karatasi, mnara wa kengele uliosimama peke yake uani, na kuta mbili ndefu za matofali ya matundu. Dirisha halikuwepo hata moja. Upepo wa bahari uliingia huku ukatokea kule.

Mama yangu, binti wa mkata mkonge, alikuwa msichana wakati huo. Alibeba mchanga kichwani pamoja na wanawake wa jumuiya, na matofali yale aliyamwagia maji hadi yakakomaa.

Mwaka juzi kamati ya ujenzi ikatangaza kwamba kanisa limepitwa na wakati. Kuta zitavunjwa, viwekwe vioo vya alumini, na juu ipigwe dari ya jipsamu. Mama akasimama baada ya misa.

"Mkiziba, upepo utapita wapi?"

"Mama, tunakuheshimu," alijibu mwenyekiti wa kamati, "lakini makanisa ya wenzetu yana vioo. Sisi tubaki na matundu kama banda la kuku?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Paroko alitazama chini. Mama akaketi, akaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake.

Walivunja kwa nyundo. Vifusi vikamwagwa kwenye mashimo ya barabara.

Pasaka iliyofuata umeme ulikatika katikati ya misa na feni zikasimama. Mama akaishiwa nguvu, tukambeba nje. Tangu siku hiyo alisali uani, kwenye kiti cha plastiki, akisikiliza kipaza sauti. Nilimwomba twende parokia nyingine. "Niende kwa watu nikaseme nimefukuzwa kwangu?" aliniuliza.

Alifariki wakati wa masika. Kwenye misa ya mazishi vioo vilifungwa kwa sababu ya mvua, nasi tukalowa jasho kuzunguka jeneza. Mwenyekiti akatoa salamu za kamati, akamsifu marehemu kuwa mama aliyependa maendeleo na kuunga mkono ukarabati tangu mwanzo.

Waumini wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Paroko aliniona, akageuza uso. Siku hizi nasali parokia ya Raskazone.