Shwaaa Kwenye Kifaa cha Baba

Leo nimehangaika na kelele ambayo kumbe haikuwa kelele.

Baba yangu hasikii vizuri. Nilimtengenezea kijiboksi cha kukuza sauti, chenye maiki na hedifoni. Juzi IC yake, ile chipu inayokuza sauti, iliungua, na Mwanza nzima wananiambia hiyo haitengenezwi tena.

Nikafunga ya kisasa. Ikaanza kunguruma. Nikahamisha waya wa ethi, mngurumo ukaisha.

Ikabaki shwaaa.

Nikabadili kapasita. Shwaaa. Nikabadili betri. Shwaaa. Kusema kweli, nilitaka kuitupa ziwani.

Baba akaninyang'anya hedifoni, akavaa, akatulia. Kisha akaita kuelekea jikoni: "Mama Kulwa, umezidisha mafuta kwenye dagaa."

Jamani. Kumbe shwaaa ni dagaa kikaangoni! IC ya zamani haikuwahi kunasa sauti ya jikoni.

Mama akatoka na mwiko mkononi. Miaka yote huyu mama anaongea na baba kwa kupaza sauti, si ugomvi, ni ili amsikie. Leo akasimama mlangoni, akasema taratibu kabisa, "Baba Kulwa."

"Naam."

Akarudi jikoni anafuta macho, anasingizia moshi.

Sasa hivi jirani amekuja kuuliza mbona kwetu kimya, kuna mgonjwa?