Sisimizi Aliyebebwa Hai

Opicho alibeba magunia ya sukari katika kiwanda cha peremende, Industrial Area, na penye sukari hapakosi sisimizi. Saa ya chakula, wenzake wakibishana mpira, yeye alichuchumaa ukutani kuwatazama sisimizi. Aliijua njia yao, tundu lao, hata pembe walikotupa maiti, maana sisimizi hawakai na maiti nyumbani.

Siku moja mwaka wa tisini na tano alifanya ukatili wa kitoto. Aliisaga maiti moja kwa kidole, akampaka sisimizi mzima aliyejipitia na mzigo wake. Wenzake wakamnusa, wakambeba jalalani. Akarusha miguu, wapi! Kila aliporudi, walimbeba tena. Opicho akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakikukoma. Akakonda, suruali ikashikwa kwa kamba. Zahanati wakamwambia ni kifua kikuu, kinatibika, mradi asikatize dawa. Akaanza sindano, na kweli nafuu ikaja: ugali ukashuka, usingizi ukarudi. Lakini miaka ile ya ukimwi, mtu akishaonekana amekonda mtaani kwao Mukuru kwa Reuben, watu walikuwa wamekwisha kumzika.

Watu wa kwao, waliofanya kazi pamoja na kuchangiana kusafirisha wafu wao hadi Bungoma, wakakutana bila yeye. Waliyoamua ni ya aibu, nami nayasema wazi: maiti hukodiwa gari, mgonjwa hukatiwa tiketi tu.

Jumapili wakajaa chumbani kwake, Masinde, mwenyekiti wao, mbele.

"Ndugu, tumeonelea uende upumzike nyumbani."

"Lakini mimi napona! Nikiwacha dawa hapa katikati nitakufa. Huko kwetu dawa hii nitaipata wapi?"

"Wewe tulia. Hata kazi usijali, Mulama atakushikia."

Mulama, binamu aliyeletwa mjini na Opicho mwenyewe, alikuwa mlangoni akivitazama viatu vya kazi vya Opicho.

Wakamshika makwapa. Opicho akapiga mateke, akamwuma mmoja mkono. Walikuwa wengi, na msidhani walikuwa wabaya; walimhurumia kwelikweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtia uchungu. Wakamketisha ndani ya basi, wakamwombea huku wakilia.

Masinde akamwekea mfuko mapajani. Opicho akaufungua. Ndani mlikuwa na suti nyeusi mpya, shati jeupe na soksi. Viatu havikuwamo.

"Usiivae njiani," Masinde akamwambia kwa upole. "Itakunjamana."