Binti Tanuri Hajaitwa

Nianze na jambo ambalo huwa nalificha: mimi ni mtu wa kufuta. Nikiandika sentensi nne, nafuta tano. Kwa hiyo ukiona nimeandika haya mpaka mwisho, jua nimejizuia kwa nguvu, maana yalinitokea mimi, hapa Korogwe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna mwingine wa kuyasema.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Unayajua yale mabanda ya video, filamu ya kigeni inaonyeshwa na juu yake kuna mtu anaeleza kwa Kiswahili nani anamfuata nani? Sauti hiyo ni yangu. Hakuna aliyenifundisha. Kiingereza nilikiokota kwenye kamusi isiyo na jalada, na kurekodi nilijifunza kwa kuharibu. Banda ni la Kaka Shaibu, karibu na stendi. Ananiruhusu nirekodi asubuhi kabla ya wateja, mradi nifunge mlango kwa komeo ili kelele za bodaboda zisiingie.

Mwaka jana nilipata filamu ya zamani sana, ya enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti, iliyotokana na kitabu cha watoto. Msichana, anayeitwa Binti Tanuri tu, anaingia ndani ya tanuri la mkate lililopoa, anatokea katika nchi ambako watu husahau majina yao. Hawezi kurudi mpaka mtu wa upande huu asimame kwenye mlango wa tanuri na kumwita kwa jina lake la kweli. Kitabu hicho kwanza kilifanywa mchezo wa jukwaani, kisha waigizaji wale wale wakauigiza mbele ya kamera ya filamu. Ndiyo maana anga limechorwa kwenye kitambaa, na tanuri linatikisika mtu akiligusa. Niliipenda kupita kiasi. Tatizo ni kwamba kipande cha mwisho kimepotea. Msichana anasimama gizani ndani ya tanuri, anasubiri kuitwa, picha inakatika.

"Dogo, watu wanataka ngumi," Shaibu aliniambia. "Wewe unawaletea mtoto kwenye jiko."

"Ni ya watoto, kaka. Ya Jumamosi."

"Basi maliza. Wiki ya tatu hii. Hata mayai ya kuku yangekuwa yameshaanguliwa."

Nilikuwa simalizi kwa sababu ya ule mwito wa mwisho. Niliamua kumrudisha msichana kwa sauti yangu juu ya kioo cheusi cha runinga, nikaandika miito kumi na moja, yote nikaiona mibaya.

Bibi yangu wa Handeni hakuwahi kusimulia bila kuitikiwa. Akisema "Hadithi, hadithi," asiposikia "Hadithi njoo," alinyamaza akaendelea kupepeta mahindi yake. Na akishaanza, hatukulala kabla hajamrudisha kila mtu kwao. Alisema aliyeachwa njiani ndani ya hadithi hutafuta mlango mwingine wa kutokea. Kwa kumuenzi, kwenye rekodi nilisema "Hadithi, hadithi," kisha nikaacha kimya kidogo, ili Jumamosi watoto waitikie wenyewe.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mvua inapiga mabati. Nilicheza rekodi yangu kusikia kama mvua imeingia. "Hadithi, hadithi," nikajisikia nikisema. Na kwenye kile kimya, sauti ya mwanamke mzima ikajibu, "Hadithi njoo."

Nikarudisha nyuma. Ikajibu tena.

Nilipogeuka, kwenye benchi la mwisho alikuwa amekaa bibi mmoja, amejifunga kanga, mashavu yana majivu kama aliyetoka kuchochea moto. Utaniamini nikikwambia sikuogopa? Niliona aibu. Nilidhani alikuwemo tangu mwanzo na amenisikia nikikosea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Unasema vizuri, ila unarudia rudia."

"Natafuta iliyo sahihi."

Akacheka kidogo, akaitazama runinga, mahali picha ilipokatikia. "Huyo nilikuwa mimi. Kule kijijini Kerenge, shuleni. Mwalimu wetu alikuwa na hicho kitabu, akakigeuza mchezo. Tanuri tulilitengeneza kwa maboksi. Wakanipaka majivu, nikaingia ndani. Kabla sijaitwa mvua ikashuka, watu wakakimbia."

"Mkamalizia siku nyingine?"

"Nani amalizie? Mwalimu alihamishwa." Akanigeukia. "Niite basi, mjukuu. Nimechoka kukaa."

Wewe ungefanya nini? Mimi niliangalia karatasi yangu. Wallahi, niliangalia karatasi.

"Bibi, nipe mpaka Jumamosi. Mwito haujakaa vizuri."

"Si lazima ukae vizuri."

"Jumamosi, bibi. Nitauweka sawa."

"Haya," alisema, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo.

Nikainama kubadilisha neno moja. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Komeo lilikuwa pale pale nilipolisukuma mwenyewe, kwa ndani. Juu ya benchi kulikuwa na majivu, upana wa mtu aliyekaa.

Jumamosi watoto walijaa. Mwito wangu wa kumi na mbili, niliopanga kuusema mwenyewe hapo hapo, ulikuwa mzuri, nakiri. Lakini nilipofika penyewe nikakwama, maana mwito unahitaji jina, na jina sikuwa nimemuuliza. Mtoto mmoja wa mbele akaona nimekwama, akaanza, "Binti Tanuri, rudi!" Wenzake wakadaka, banda zima likaita. Mimi nilikuwa narekodi. Usiku huo huo nikavaa spika za masikioni. Watoto wanaita, wanatulia, kisha ile sauti, karibu kabisa na sikio langu: "Hilo si langu."

Nilipanda bodaboda mpaka Kerenge. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye kwenye mchezo ule kazi yake ilikuwa kushikilia maboksi yasianguke. Aliikumbuka mvua ile vizuri.

"Binti Tanuri? Alishafariki, miaka mingi. Aliishi peke yake, mwisho wa mashamba. Hakuwa na mtoto."

"Jina lake hasa, mzee?"

Akamuuliza mkewe aliyekuwa ndani. Mkewe akajibu, "Si Binti Tanuri?" Mzee akatikisa kichwa. "Tangu siku ile tulimwita hivyo, mpaka msibani. Tena ukimwita alikuwa haitiki. Tulisema ana maringo."

Alinipeleka kaburini. Kuna jiwe tu, halina maandishi.

Tangu hapo, kila filamu ninayotafsiri, nikiacha kimya, anaitikia. Shaibu anasema anasikia mvua tu. Wateja wanalalamika siku hizi naongea bila kupumua. Hawajui kwa nini. Na kila asubuhi, nikishafunga komeo, nazima runinga na kuita mbele ya kioo cheusi: Mwanaidi. Zaina. Halima. Mariamu. Namwita kwa sauti mbaya, yenye kwikwi, bila kuandika kwanza. Nasubiri. Mpaka leo hakuna jina nililolipatia.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Mtu akikuomba umwite, mwite saa hiyo hiyo, na kabla ya yote muulize anaitwa nani. Usimwambie Jumamosi. Na kama kwenu ni Kerenge, na mliwahi kuwa na shangazi au bibi aliyekuwa haitiki akiitwa, niletee jina lake. Njoo nalo asubuhi, gonga mlango, hata kama hujui linavyoandikwa.