Kiapo Kinachomla Asiyeapa

Nikiwa na miaka tisa, kwetu Ekerenyo, niliapa uongo juu ya ndizi sita, na mdogo wangu akaugua. Sijawahi kumsimulia mtu wa nje. Nalisema jambo hili sasa kwa sababu ya mchezo, na kwa sababu nimechoka.

Brian, tunayesoma naye chuoni, anatunga mchezo wa mezani wa dadu na karatasi, wachezaji wakijifanya wachawi na wafalme. Mimi nilipewa sheria za maagano na mizimu. Yeye alikuwa ameshaandika moja: ukivunja agano unapoteza alama kumi za uhai, mchezo unaendelea.

"Hilo si agano," nikamwambia. "Hiyo ni faini ya askari wa kanjo."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Aumie aliyeketi kulia kwako."

"Na huyo amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

Brian alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Wewe hiyo roho ulitoa wapi?"

Niliitoa nyumbani, ningemjibu. Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amefunika ndizi kwa majani makavu ziive, akingoja wageni wa Sabato kutoka Nyansiongo. Nikala sita. Aliponiuliza, nilijibu kwa neno nililolisikia kwa wazee wakigombania mpaka wa shamba. Nililipenda kwa sababu likitamkwa watu wote hunyamaza.

"Kama ni mimi, Magokoro, emuma inile."

Emuma ni laana ya kiapo cha uongo. Magokoro hakubishana. Alifunika ndizi zilizobaki, akasema, "Haya. Lakini ujue haianzi na mwenye mdomo. Huanza na mdogo wa nyumba."

Mdogo wa nyumba alikuwa Obare, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Siku ya pili mwili wake ukawa moto, akakataa kunyonya. Mama akambeba hadi zahanati, akarudi na dawa. Magokoro alisimama mlangoni.

"Kuna mtu ana neno la kusema katika boma hili."

"Mama, ni malaria," mama yangu akasema. "Imeonekana kwenye damu. Tafadhali, hayo mambo tusiyalete hapa."

Walibishana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kigoda. Obare akatapika dawa. Nikaona anakufa, na ninayemuua ni mimi.

Basi nikajiandaa. Nilimfuata Magokoro kwenye shamba la majani chai, akiwa na kikapu mgongoni, nikamwekea hoja zangu kwa mpangilio. "Magokoro, nilisema inile mimi. Sikumtaja Obare. Hakuapa, hakuwepo, hata kuongea hajui. Haina ruhusa ya kumchukua."

Aliendelea kuchuma. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi.

"Kweli," akasema. "Umesema vizuri sana. Kwa hiyo ndizi ulikula wewe."

Huo ndio mdahalo wa kwanza nilioshindwa, na nilishindwa kwa hoja yangu bora.

Hakunichapa. Aliniongoza hadi nyumbani, akaninawisha mikono, akanikalisha karibu na Obare na kikombe cha uji. Alitaka nimwambie mwenyewe nilichofanya, kisha nimlishe. Mama alikaza midomo lakini hakunizuia. Nikamwambia mtoto asiyejua maneno kwamba nilikula ndizi. Alikunywa vijiko vitatu. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mama alikuwa amempa dawa mara nyingine, na safari hiyo haikutoka.

Mama alimshukuru Mungu na zahanati. Magokoro alirudi kwenye majani chai yake. Na hakuna hata mmoja wao, hadi leo, aliyewahi kuniambia, "Haikuwa wewe." Hilo ndilo linalonikera. Mwaka mzima Obare akikohoa mimi nilikuwa naamka kumsikiliza. Sasa yuko kidato cha pili, mrefu kunizidi, na akipiga simu akiwa na mafua bado najichunguza nimedanganya wapi wiki hii.

Sheria yangu tuliijaribu. Hakuna mchezaji aliyeapa. Wote walikaa wakiangaliana, mizimu ikakosa wateja. "Umeua mchezo," Brian akaniambia, na alikuwa na haki.

Nimeifuta na kuiandika upya mara nne, kwa hasira. Nilidhani namkasirikia Magokoro aliyenitwika mzigo huo. Lakini kila nikiandika namna ya kutoka ndani ya agano, ninachopata ni alichonipa yeye: maji ya kunawa, kikombe, mtu wa kumwambia. Mama alikuwa sahihi kabisa kuhusu malaria, na usahihi wake ulipita juu yangu bila kunigusa. Alimtibu Obare. Mimi sikuwa mgonjwa aliyeonekana kwenye damu.

Kwenye mdahalo, hata leo, ningempa Mama alama zote. Lakini jioni ile ya uji, Obare alipolala, nilichukua blanketi langu nikaenda kulala kwa Magokoro.