Ijumaa Saba Bila Baiskeli

Nianze kwa kukiri kwamba baiskeli ya baba haikuwa mbovu. Ilikuwa imezeeka tu. Rangi yake nyeusi ilibaki mabaka mabaka, madigadi ya nyuma ilishikiliwa na waya, na keria ilipiga kelele mpaka mbwa wa kijiji walikwisha kuchoka kuibwekea. Lakini ilitembea. Baba aliinunua enzi za Mwingereza baada ya kuuza ng'ombe, na tangu hapo hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye mwenyewe, kwa spana moja na pembe ya mbuzi iliyojaa mafuta ya nyonyo. Mimi ndiye niliyeamua kwamba ni mbovu.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nikapangiwa kufundisha kijijini kwetu. Nasema kwetu, ingawa kijiji chenyewe kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Tulikuwa tumehamishwa kwa lori kutoka kwenye tembe letu la zamani, maili sita upande wa mbuga, tukapangwa kwa mistari kwenye kijiji cha ujamaa, kila mtu anaona anachopika jirani yake. Kule nyuma tuliacha tembe, zizi, na kaburi la mama. Alitutoka miezi michache kabla ya kuhama. Baba alilizungushia kaburi mawe kwa mikono yake, na kila Ijumaa alfajiri alipanda baiskeli akaenda kung'oa majani na kumwombea dua, akarudi kuwahi sala ya mchana. Goti lake la kulia lilikwisha kukataa kutembea mwendo mrefu, ila kwenye pedali lilikubali, sijui kwa nini. Baiskeli nyingine pale kijijini ilikuwa ya katibu, nayo haikukaa nyumbani hata siku moja. Kwa hiyo bila ile ya kwake, baba hafiki kwa mama. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na bado nikachukua spana.

"Nipe wiki moja tu, baba," nilimwambia. "Ijumaa ijayo utapanda baiskeli mpya."

"Kwani hii ina nini?"

"Inahitaji ukarabati." Neno hilo nilitoka nalo chuoni na nilikuwa bado natafuta mahali pa kulitumia.

Akaikabidhi. Siku hiyo hiyo nikaifungua yote, nati kwa nati, pale uani. Kufungua naweza. Kila kitu nilikichora kwenye daftari la shule na kukipa namba, na nilipomaliza nilikuwa na mchoro mzuri sana wa vitu ambavyo sikujua vinarudi wapi. Gololi za gurudumu la nyuma, kumi na nane, niliziosha kwa mafuta ya taa nikaziweka kwenye sahani juani zikauke. Kisha nikaingia ndani kutafuta kitambaa.

Niliporudi, kuku wa mke wangu walikuwa wameizunguka sahani. Zilibaki gololi kumi na moja.

Mke wangu, ambaye tulikuwa na miezi mitano tu ya ndoa, alitoka jikoni akanikuta nimepiga magoti nawakagua kuku midomo. Nilimtuhumu tetea mmoja mweusi kwa sababu alikuwa anatembea kwa kiburi. Akachinjwa. Firigisi kwetu ni ya baba, haina mjadala, kwa hiyo ilipasuliwa mbele yake. Ndani tulikuta mtama, changarawe na gololi mbili. Baba akazitoa, akazifuta kwenye shuka lake, akanipa. Mke wangu akauliza kama awalete na wengine. Nakiri kwamba nilifikiria kabla ya kujibu.

Basi Ijumaa ya kwanza ikapita, na ya pili. Nikadandia lori mpaka Singida Mjini kutafuta gololi tano. Madukani hazikuwepo. Miaka ile ukiuliza kitu dukani, mwenye duka alikuangalia kama umemtania. Grisi nayo hakuna, rangi hakuna. Fundi mmoja nyuma ya soko ndiye aliyenihurumia, akanichokolea gololi kutoka kwenye gurudumu bovu, akaniuliza baiskeli ilikuwa na tatizo gani hasa. Nikamwambia ilikuwa inapiga kelele. Akaacha kuchokoa, akanitazama, kisha akaendelea.

Rangi nilipewa na mkuu wa shule, masalio ya kijani cha madirisha. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, nikapaka mikono mitatu, nikaitundika fremu chini ya paa. Mvua za kwanza zikaanza na rangi ikagoma kukauka. Ijumaa ya tatu, ya nne. Kila Ijumaa baba alivaa kanzu yake alfajiri kama kawaida, akatoka, akaiangalia ile fremu inaning'inia, akaketi kwenye kigoda. Hakunigombeza, na mimi nilijifanya nina shughuli nyingi.

Sasa nifike kwenye ujinga wenyewe. Baba alinisogezea ile pembe yake ya nyonyo, akasema paka hii. Mimi, mtu wa chuo, nikakataa. Nikamweleza kwamba nyonyo ni mafuta ya kupaka ngozi na ya bibi zetu, mazito, yana harufu, na kwamba sayansi inataka mafuta mepesi na safi. Tulikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti, zao ambalo wakati ule tulihimizwa kulilima kila mkutano. Ukiyainua juani unaona mwanga upande wa pili. Nikayamimina kila mahali, kwenye gololi, kwenye cheni, kwenye pedali. Nikazungusha gurudumu, likaimba. Nikasimama pembeni nimeshika kiuno.

Kisha, mvua ilipopumzika, nikaiacha wiki nzima juani na vumbini ili rangi ishike. Ijumaa ya tano hiyo.

Asubuhi ya Ijumaa ya sita nikamkabidhi. Majirani walitoka kuangalia. Baba akaizunguka mara mbili, akagusa fremu kwa kidole.

"Imekuwa dirisha," alisema, akapanda, akaondoka.

Saa mbili baadaye alirudi kwa miguu, anaisukuma, anachechemea, kanzu imelowa jasho. Alikuwa amefika maili moja na nusu. Nilipofungua gurudumu nilijionea mwenyewe. Mafuta yangu safi yalikuwa yameganda yakawa ulimbo, ule wa kunasia ndege, na gololi zote zimekamatana na vumbi. Cheni ilisimama wima nilipoiinua. Nilitamani anitukane. Aliketi tu akajikanda goti, na nilipomwona uso niliona haya kiasi kwamba nilishindwa kumpelekea maji, nikamtuma mke wangu.

Wiki nzima iliyofuata nilikwangua ulimbo kwa majivu na mafuta ya taa, kisha nikaenda kumwomba baba ile pembe. Akaipaka baiskeli nyonyo yeye mwenyewe. Ijumaa ya saba ilikuwa imepita tayari tulipomaliza.

Ijumaa ya nane alisema, "Twende wote. Ikikataa, utaibeba wewe." Kwa hiyo yeye alipanda, na mimi, mwalimu mzima mbele ya watoto ninaowafundisha, nikakimbia nyuma yake maili sita nikiwa nimeshika viatu mkononi. Haikukataa. Haikupiga hata kelele. Nilikuwa nahema kama fahali, lakini moyoni nilianza kujisifu tena.

Tulipotokeza pale kwetu baba alishuka, akasimama. Tembe halikuwepo. Zizi halikuwepo. Ardhi yote ilikuwa imelimwa kwa trekta, matuta yamenyooka mpaka ng'ambo, shamba la watu wa kijiji jirani waliogawiwa upande ule. Mwanamke aliyekuwa akipanda alitusalimu, akatuambia trekta lilikuja siku kumi zilizopita. Hakuna mtu aliyejitokeza kusema kuna kitu hapa, alisema. Wakaokota mawe yote wakayarundika ukingoni.

Baba hakwenda kwenye rundo. Alikwenda mpaka kwenye jabali kubwa lililokuwa nyuma ya zizi, kitu pekee ambacho trekta halikuweza kukigusa, akageuka akaanza kuhesabu hatua. Alizijua kwa moyo, hatua hamsini na mbili. Lakini zilikuwa hatua za miguu yake ya zamani. Goti lilimfupisha, akasimama katikati ya matuta, akatazama huku na huku, akarudi jabalini akaanza upya. Mara ya pili alifika mahali pengine. Akaniomba nihesabu mimi, na mimi nikafika pa tatu.

Alinifuata pale niliposimama. Udongo ulikuwa ule ule kila upande.

"Ni hapa?" aliniuliza.

Nilikuwa sijui. Hata leo sijui.

"Ndiyo, baba," nilimwambia. "Ni hapa."

Akavua viatu, akainua mikono, akaanza kumwombea.