Namba Nzuri Kwenye Skrini

Watu huogopa mashine wasizozijua. Mimi niliogopa niliyoijua, maana chipu iliyokuwa ndani yake tuliichora sisi watu wanne, miaka ile ya tisini, na sehemu ya kuhesabu mapigo ya moyo ilikuwa yangu.

Mke wangu alikuwa amelala katika kliniki moja ya Auderghem, pembeni mwa Brussels, uchungu umemshika tangu alfajiri, mkanda tumboni. Mkanda ulisikiliza moyo wa mtoto, skrini ikaonyesha namba. Mkunga, mama wa Kibelgiji, aliingia, akatazama namba, akatoka.

Chipu ile haikuwa na akili. Ilichukua sauti ya sasa, ikailinganisha na sauti za kitambo kidogo nyuma, na zilipofanana ikasema: hili ni pigo. Ili ikumbuke ya nyuma ilihitaji kumbukumbu, na kumbukumbu hula nafasi na umeme, kwa hiyo tuliipunguza, hata mapigo ya moyo wa polepole sana yasiingie humo. Mkuu wetu alisema moyo wa mtoto hauendi polepole kiasi hicho, na ukienda, daktari atakuwa ameshafika. Maabarani, kwa moyo wa bandia wa spika na mfuko wa maji, nilikuwa nimeona kinachotokea moyo ukizidi kupungua. Pigo linalofuata linakuwa mbali kuliko kumbukumbu, basi chipu inashika sauti mbili za pigo moja na kuzihesabu kama mapigo mawili. Namba mbaya inageuka nzuri. Toleo lililofuata lingerekebishwa. Hili lilikuwa limeshauzwa.

Asubuhi ile namba ilianza kushuka. Mia na ishirini. Tisini na kitu. Kengele ikalia, nikasimama. Mara ghafla, mia moja arobaini na mbili, ikatulia palepale.

Mkunga aliingia, akaiona, akazima kengele. "Voilà. Amerudi."

Moyo unaopona hupanda taratibu. Huu uliruka, na mruko ule niliujua.

Mkataba wangu ulinikataza kutaja udhaifu wa chipu nje ya maabara. Lakini mficha uchi hazai, na sisi pale tulikuwa tunazaa.

"Madame, usiiamini hiyo namba. Msikilize kwa sikio lako."

"Kaa chini, monsieur. Mashine inajua kazi yake."

"Haijui. Nimeichora mimi."

Alinitazama uso, akatazama koti langu la mtumba, akatabasamu kwa huruma. Tabasamu lile nilishalipata katika ofisi nyingi za Brussels, na siku nyingine ningemjibu vilivyo. Siku ile hasira haikupata pa kukaa. Hofu ilikuwa imejaa kote.

Mke wangu ni wa Lubumbashi, hata uchungu haumnyamazishi. "Weye, uko natetemeka juu ya nini?"

"Ile machine iko nadanganya."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akamgeukia mkunga kwa Kifaransa: "Madame, msikilize huyu. Analala na hiyo chipu yake kuliko anavyolala na mimi."

Mkunga alishusha pumzi, akatoa kwenye droo kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakibana tumboni, sikio juu yake, macho kwenye saa. Midomo yake ilihesabu. Ilihesabu polepole mno. Akainuka, akabonyeza kengele ya dharura kwa kiganja kizima, hakunitazama.

Walimkimbiza na kitanda chake kwenda kupasuliwa. Nikabaki na mashine. Mkanda ulikuwa umeanguka sakafuni, hauko kwenye tumbo la mtu yeyote, na skrini, imeganda kwenye namba yake ya mwisho, bado ilisema mia moja arobaini na mbili. Nikachomoa waya ukutani.

Nilisali, mimi niliyekuwa nikienda kanisani kumridhisha mke tu. Nilimwogopa kila mtu aliyepita korido, nikidhani ndiye aliyetumwa kuniambia.

Mwishowe mkunga akaja, akaniwekea mikononi kitu kilichofungwa taulo, chekundu, kimekunja uso kwa hasira. "Analia vizuri," akasema, kana kwamba sisikii. Nilisikia. Sikutosheka. Nikafungua taulo nikaweka sikio kifuani.

Nilikuwa bado nimeinama hivyo walipomrudisha mke wangu, macho yamefumbwa, ulimi mzito kwa dawa.

"Roho yake iko napiga?"

"Iko napiga," nikamwambia, na sikuinua kichwa.