Kengele ya Maji ya Namegabe

Nilishuka Ngagara, mtaa nisioujua, nikamkuta mwenyeji wangu Namegabe amekaa karibu na pipa lake tupu, akitazama ukuta wa jirani kama mtu aliyeibiwa. Nimeusikia wivu wa mafundi katika lugha nyingi, lakini wake haukujificha.

Maji ya bomba huku huja yakitaka. Namegabe, fundi wa redio kutoka Uvira, alitengeneza kihisi kisicho na waya kwa vipuri vya simu mbovu, akakifunga ndani ya pipa. Maji yakipanda, kengele hulia chumbani, naye hutoka kupiga kelele: "Maji!" Mtaa mzima ulimngoja yeye. Kisha Fabiola wa jirani, mwanafunzi wake, akatengeneza chake, kinachotuma ujumbe kwenye simu za watu.

"Mi njo nilimufundisha kuchomelea," aliniambia. "Yake ni kopi tu."

"Imewahi kukosea?"

"Apana. Njo maana inaniuma."

Bomba likakohoa hewa. Ng'ambo ya ukuta simu zikalia, wanawake wakacheka, mabidoni ya kuchotea maji yakagongana. Kengele ya Namegabe ilikaa kimya.

"Mwalimu!" Fabiola aliita. "Maji inakuja! Ao kengele yako ingali inalala?"

Namegabe akauma mdomo. "Yake ameweka kwa bomba. Ye anasikiliza hewa, mi nangoja maji."

Akang'oa kihisi chake ndani ya pipa.

"Unaenda wapi?"

"Kuona namna Fabiola alifunga yake. Usiambie mutu."

Akatoka amekificha ndani ya shati. Nilibaki nikikinga maji yake.